VERA MENCHIK NA CHAMA CHA WALIOSHINDWA

Mpenzi msomaji, kabla sijaanza kisa changu naomba kwanza tuelewane kuhusu jina la mchezo. Wengi wetu hapa shuleni tunauita chesi, na ukimwuliza mtu kama anajua sataranji atakutumbulia macho kama aliyeulizwa habari za mwezini. Na ilhali sataranji ndilo neno lililomo katika kamusi zetu tangu zamani. Sisi tulilipata kwa Waarabu, Waarabu wakalipata kwa Waajemi, na Waajemi kwa Wahindi. Hata mfalme wa mchezo huo ana jina lake, shaha. Basi katika makala haya nitasema sataranji, na wewe ukitaka kusoma chesi, soma tu.

Kwa wale ambao hawajawahi kuucheza, ubao una miraba 64, myeusi na myeupe. Kila mchezaji ana kete 16: mfalme, malkia, ngome mbili, maaskofu wawili, farasi wawili na askari wadogo wanane. Kusudi la mchezo ni kumzingira mfalme wa mwenzako mpaka akose pa kukimbilia. Hakuna dadu. Hakuna karata ya kuficha mkononi. Huwezi kusema jua lilikuwa machoni au refa alipendelea upande mmoja. Kila kitu kiko wazi mbele ya nyinyi wawili, na anayeshindwa ameshindwa kwa akili tu. Naomba ulishike sana jambo hili, kwa maana ndilo lililowauma wale mabwana nitakaowataja.

Vera Menchik alizaliwa mjini Moscow, Urusi, tarehe 16 Februari 1906. Babake alikuwa Mcheki. Mamake alikuwa Mwingereza aliyekuwa amekwenda Urusi kuwalea na kuwafundisha watoto wa matajiri. Walikuwa watu wa kujiweza kidogo, na baba alikuwa na kinu cha kusaga nafaka. Vera alipokuwa na umri wa miaka 9 babake alimpa seti ya sataranji na kumwonyesha jinsi kete zinavyokwenda.

Mambo yaligeuka mwaka wa 1917 mapinduzi yalipotokea nchini humo. Kinu kilichukuliwa. Nyumba yao nayo wakalazimika kuishi pamoja na watu wengine. Shule aliyosoma ilikuwa na masomo ya jioni, haina umeme, na baridi ya Moscow si kama hii yetu ya mwezi wa saba. Wanafunzi walikaa darasani na makoti yao, wakisoma kwa mishumaa na taa za mafuta. Wenzangu mliowahi kudurusu kwa koroboi mnaelewa. Katika shule hiyo hiyo, Vera akiwa na miaka 14, kulifanyika mashindano ya sataranji, naye akafungana na mwingine katika nafasi ya pili na ya tatu.

Mwaka wa 1921 wazazi wake waliachana. Baba alirudi kwao Chekoslovakia, na mama akawachukua Vera na mdogo wake Olga wakaenda kukaa na nyanya yao katika mji wa Hastings, kusini mwa Uingereza, kando ya bahari.

Hebu jiweke mahali pake. Una miaka 15, uko katika mji usioujua, na watu wote wanaongea lugha usiyoielewa. Vera alijua Kirusi; Kiingereza kilikuwa kikimpiga chenga. Lakini bahati iliyoje! Hastings ni mji wa sataranji, na mashindano yake ya kila mwaka yanajulikana duniani kote. Baadaye Vera mwenyewe alieleza kwamba aliuchagua mchezo huu kwa sababu unachezwa kimya, na mtu asiyejua lugha ya wenyeji anaweza kukaa mezani nao bila aibu. Mwaka wa 1923 alijiunga na klabu ya mji huo.

Huko alikutana na Géza Maróczy, bingwa mkubwa kutoka Hungaria, ambaye alikubali kumfundisha. Kila mchezaji ana tabia yake ubaoni kama vile kila mwimbaji ana sauti yake. Kuna wanaopenda kushambulia mapema, wanatoa kafara askari na hata ngome ili wamfikie mfalme haraka. Maróczy hakuwa wa namna hiyo. Yeye alimfundisha Vera kujenga boma kwanza, kutoacha upenyo, kubadilishana kete kwa hesabu, halafu kungoja. Kete zikishapungua ubaoni, mfalme ambaye mwanzoni alikuwa amejificha hutoka na kupigana kama askari wengine, na askari mmoja mdogo akifika mstari wa mwisho hugeuka kuwa malkia. Hapo ndipo Vera alipokuwa hatari. Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Wako waliosema mchezo wake haukuwa na mbwembwe, na ni kweli haukuwa nazo, lakini hao waliotaka mbwembwe wengi wao walirudi nyumbani wameshindwa.

Mwaka wa 1925 alicheza mara mbili na Edith Price, bingwa wa wanawake wa Uingereza, akamshinda zote mbili. Mwaka wa 1926 akashinda ubingwa wa wasichana huko London. Mwaka wa 1927 Shirikisho la Sataranji la Dunia, ambalo wakati huo lilikuwa na umri wa miaka mitatu tu, liliandaa mashindano ya kwanza kabisa ya ubingwa wa dunia kwa wanawake, pia huko London. Vera alicheza mechi 11. Alishinda 10 na kutoka sare moja. Akawa bingwa wa kwanza wa dunia wa wanawake, akiwa na umri wa miaka 21.

Ungedhani hadithi yangu inaishia hapo, sivyo? Wengi wa wakati ule ndivyo walivyodhani. Kwao, bingwa wa wanawake alikuwa sawa na jogoo wa kijijini, ambaye kama methali inavyotuambia hawiki mjini. Walisema eti mwanamke hawezi kukaa saa tano akifikiri, eti moyo wake haustahimili. Njia ya kujua ilikuwa moja tu, nayo ni kumketisha mbele ya wanaume.

Mwaka wa 1929 ndio mwaka ninaoupenda zaidi katika maisha yake, kwa vile ulikuwa na asali na shubiri. Kwanza alicheza Ramsgate, Uingereza, katika mashindano ambapo wachezaji saba wa kigeni walipambana na Waingereza saba. Vera alikuwa upande wa wageni, pamoja na José Raúl Capablanca wa Kuba, aliyekuwa bingwa wa dunia hadi 1927, na Akiba Rubinstein wa Poland. Mashindano yalipokwisha, Capablanca alikuwa wa kwanza kwa pointi tano na nusu. Vera na Rubinstein walikuwa wa pili kwa pointi tano kila mmoja. Mwalimu wake Maróczy alikuwa nyuma yake! Hakushindwa hata mechi moja.

Miezi michache baadaye akaalikwa Carlsbad, Chekoslovakia. Haya hayakuwa mashindano ya mchezo. Wachezaji 22, karibu wote miamba wa Ulaya, kila mmoja akicheza na kila mmoja. Miongoni mwao alikuwako Albert Becker wa Vienna, mtaalamu wa kufungua mchezo, yaani zile hatua za mwanzo ambazo wachezaji hukariri kama tunavyokariri ngeli. Inasimuliwa kwamba Becker aliona ni mzaha kumwalika mwanamke mahali kama pale, akapendekeza kwa kicheko kwamba yeyote atakayeshindwa naye aandikwe kuwa mwanachama wa klabu ya Vera Menchik. Anayetoka sare naye angekuwa mwanachama mtarajiwa. Wenzake walicheka sana.

Mdharau mwiba humchoma. Aliyekuwa mwanachama wa kwanza ni Becker mwenyewe. Vera alimshinda palepale Carlsbad. Baada yake akajiunga Fritz Sämisch wa Ujerumani.

Hapa waandishi wengi hukomea, na mimi pia ningependa kukomea, maana hadithi ni tamu. Lakini siwezi kukuficha mengine. Katika Carlsbad Vera alicheza mechi 21, akashinda hizo mbili, akatoka sare mbili, na akapoteza 17. Alikuwa wa mwisho, nambari 22 kati ya 22. Fikiria kukaa mwezi mzima hotelini, kila asubuhi unaamka kwenda kupigwa, na waandishi wa habari wako pale kuona kama utalia. Alexander Alekhine, bingwa wa dunia wa wakati huo, alikuwa akiandika gazetini habari za mashindano hayo. Aliandika kwamba Vera ana kipawa kisicho cha kawaida, na kwamba akipewa nafasi ya kucheza na kusaidiwa atainuka.

Nafasi akaitafuta. Karibu kila mwaka alikuwa Hastings, tena si katika kikundi cha wanawake, ila pamoja na mabingwa. Kitabu cha wanachama kikaanza kujaa. Max Euwe wa Uholanzi alishindwa naye mara mbili, majira ya 1930/31 na tena 1931/32, na Euwe huyu ndiye aliyemnyang'anya Alekhine ubingwa wa dunia mwaka wa 1935. Sultan Khan wa India, bingwa wa Uingereza wa 1929, aliingia klabuni. Samuel Reshevsky wa Marekani, aliyekuwa akiwashinda watu wazima tangu akiwa mtoto, naye akaingia. Sir George Thomas aliingia pia. Huyu ndiye ambaye kombe la dunia la timu za wanaume la mchezo wa badminton lina jina lake, kwa hivyo alikuwa hodari wa michezo miwili, lakini mbele ya Vera mwaka wa 1932 huko London mfalme wake alifukuzwa vibaya. Klabu iliyoanzishwa kwa dharau ikawa na wanachama ambao ungeona fahari kupiga picha nao.

Hata hivyo kuna milima hakuipanda. Capablanca na Alekhine hakuwahi kuwashinda hata mara moja. Na mwaka wa 1935 alirudi Moscow, mji aliozaliwa, miaka 14 baada ya kuondoka, kucheza katika mashindano makubwa. Wachezaji walikuwa 20. Alipata pointi moja na nusu katika mechi 19, akawa wa mwisho tena. Mbele ya watu wa mji wake! Sijui ni wangapi kati yetu wangerudi ubaoni baada ya hapo. Mimi nikifeli mtihani mmoja wa hesabu tu sitaki kuliona daftari wiki nzima. Vera mwaka huohuo alikwenda Warsaw kutetea ubingwa wa wanawake, akashinda mechi zote tisa.

Huko kwa wanawake ni afadhali nitoe hesabu tu, maana maneno hayatoshi. Alitetea ubingwa wake Hamburg mwaka wa 1930, Prague 1931, Folkestone 1933, Warsaw 1935, Stockholm 1937 na Buenos Aires 1939. Kuanzia Prague hadi Stockholm alishinda mechi 45 katika mashindano hayo bila kupoteza wala kutoka sare hata moja. Ukijumlisha mashindano yote saba ya ubingwa, alicheza mechi 83, akashinda 78, sare nne, na akashindwa mara moja tu, huko Hamburg. Pia mwaka wa 1937 alikutana na Sonja Graf wa Ujerumani, mpinzani wake mkubwa, katika pambano la mechi 16 huko Austria. Vera alishinda tisa, Sonja mbili, na sare zikawa tano.

Ilikuwa ajabu kidogo kwamba kwa muda mrefu mwanamke huyu aliyekaa Uingereza hakuwa Mwingereza kisheria. Mashindano ya dunia alicheza kwanza kwa jina la Urusi, kisha Chekoslovakia. Oktoba 1937 aliolewa na Bwana Stevenson, mwandalizi wa mashindano ya sataranji aliyemzidi umri kwa miaka 28, na hapo akawa Mwingereza. Stevenson alikuwa mjane. Mkewe wa kwanza, Agnes, naye alikuwa mchezaji hodari, na mwaka wa 1935 akiwa safarini kwenda Warsaw kushindana na Vera na wengine aligongwa na rafadha ya ndege katika uwanja wa Poznań akafa. Nimeona nilitaje hili kwa sababu watu hudhani sataranji ni mchezo wa watu wasiopatwa na mambo.

Sasa tufike Buenos Aires, Ajentina, mwaka wa 1939. Wachezaji kutoka nchi nyingi walikuwa wamevuka bahari kwa meli kuja kushindana, wanaume katika timu zao na wanawake katika ubingwa wao. Mashindano yakiwa yanaendelea, tarehe 1 Septemba, Ujerumani iliivamia Poland, na siku mbili baadaye Uingereza ikaingia vitani. Timu ya wanaume ya Uingereza iliacha mashindano ikafunga safari kurudi. Mbao za wanawake hazikusimama. Sonja Graf, aliyekuwa akicheza chini ya bendera isiyo ya nchi yoyote kwa vile serikali ya Hitler haikumtaka, alimbana Vera mpaka watu wakaona leo bingwa ameanguka. Lakini Sonja aliharakisha, Vera akangoja kama alivyofundishwa na Maróczy, akaponyoka na kushinda. Kwa jumla alipata ushindi 17 na sare mbili katika mechi 19. Bingwa kwa mara ya saba.

Baada ya mashindano wengi waliogopa kurudi Ulaya wakabaki Ajentina. Sonja Graf alibaki. Na unajua nani mwingine alikuwa pale, akiichezea Ujerumani, na akabaki? Albert Becker, mwanachama nambari moja. Alikaa nchini humo mpaka alipofariki mwaka wa 1984, mzee wa miaka 87.

Vera alirudi London.

Alipewa kazi ya kusimamia Kituo cha Taifa cha Sataranji kilichokuwa ndani ya duka kubwa la barabara ya Oxford. Mwaka wa 1940 ndege za Wajerumani zililipiga duka hilo kwa mabomu, na kituo kikaenda nalo. Vera akaendelea kufundisha na kucheza palipopatikana meza. Mwaka wa 1942 alipambana na Jacques Mieses, mzee wa miaka 77 aliyekuwa amekimbilia Uingereza kutoka Ujerumani kwa kuwa Myahudi, akamshinda kwa pointi sita na nusu kwa tatu na nusu. Mwaka wa 1943 mumewe akafariki. Vera akawa anaishi Clapham, kusini mwa London, pamoja na mamake na mdogo wake Olga, ambaye naye alikuwa amecheza katika mashindano ya ubingwa wa dunia.

Juni 1944 Wajerumani walianza kurusha silaha mpya, bomu lenye mabawa linalojiendesha lenyewe bila rubani. Watu wa London walijifunza kusikiliza mngurumo wake, na hasa kuogopa unapokatika ghafla, kwa sababu hapo ndipo linapoanguka. Usiku wa tarehe 26 kuamkia 27 Juni ving'ora vililia. Wanawake hao watatu waliteremka katika chumba cha chini cha nyumba yao. Bomu lilianguka juu ya nyumba hiyo hiyo. Wote watatu walikufa. Vikombe alivyoshinda vikaangamia pamoja na nyumba. Vera alikuwa na umri wa miaka 38, na bado alikuwa bingwa wa dunia.

Cheo chake hakikupata mwenyewe kwa miaka kadhaa. Ilibidi vita viishe, watu wajikusanye, na mwishoni mwa 1949 wanawake 16 walikutana Moscow kushindania kiti alichokiacha. Aliyekitwaa, mashindano yalipokwisha mapema mwaka wa 1950, ni Lyudmila Rudenko wa Muungano wa Kisovieti. Ndiyo, ni Moscow ileile ya makoti na mishumaa.

Mwaka wa 1957 Olimpiadi ya kwanza ya sataranji kwa timu za wanawake ilifanyika katika mji wa Emmen, Uholanzi. Timu iliyoshinda ilikabidhiwa kikombe kilichopewa jina la Vera Menchik, na mpaka sasa washindi wa Olimpiadi hiyo hupewa kikombe chenye jina hilo. Timu ya wanawake ya Kenya pia imewahi kwenda kukishindania. Bado hatujakileta, lakini ubao wetu uko katika kabati la maktaba, sehemu ya chini, nyuma ya magazeti ya zamani. Farasi mmoja mweusi amepotea, kwa hivyo tunatumia kizibo cha soda.